Meinertzhagen na vita vya Tanga 1914

Mdau wa Chumbageni: Wakuu, huyu Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, alikuwa na cheo gani hasa vita vya Tanga? Na zile habari za karatasi za chooni, kweli?

Mzee wa Reli: Hapa alikuwa ofisa ujasusi tu wa kikosi kilichotoka India chini ya Jenerali Aitken. Ukuu wa ujasusi aliupata 1915, Nairobi. Tarehe 2 Novemba manowari ya Waingereza Fox ilitoa onyo kwanza, ndipo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata muda wa kuleta askari kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Watu kama 8,000 wa upande wa Waingereza walishukia Ras Kasone, wakapigwa na 1,000 hivi wa Wajerumani, wakaacha bunduki 455 na risasi zaidi ya nusu milioni. Nyuki walisaidia, ila msiwape ushindi wote!

Mpekuzi: Karatasi: kwa maelezo ya Meinertzhagen mwenyewe, maofisa wa Kijerumani walitumia barua na amri za zamani chooni, majasusi wake wakaziokota. Humo alipata saini na habari za vikosi.

Tatizo ni shajara zake. Kurasa nyingi alizichapa upya kwa taipureta baadaye. Ule mkoba wa nyaraka za uongo, ulioangushwa makusudi kuwahadaa Waturuki kabla ya vita vya Beersheba, Palestina, 1917, alijipa sifa ya wazo ambalo watafiti wanalihusisha na ofisa mwenzake, Belgrave. Hata ndege waliokaushwa wa makumbusho aliwaiba, akawabandika lebo mpya.

Mzee wa Reli: Ndiyo maana namba zangu sikuzitoa kwake. Ukimsoma, weka ripoti za jeshi pembeni, ulinganishe tarehe kwa tarehe.