Njia ya magari yenye watu watatu: kamera itamwona mtoto aliyelala nyuma?

MamaKaole:
Wadau, habari za jioni. Nakaa Bagamoyo, kazi yangu iko Mwenge. Asubuhi nampa lifti jirani, na nyuma yupo mwanangu, namshusha shuleni karibu na kazini. Foleni ya Tegeta mnaijua: ukigeuka kulia Prado ina mtu mmoja, kushoto Harrier ina mtu mmoja. Nimesoma kwamba Marekani magari yenye watu wengi yana njia yao, na wanajaribu kamera za kuhesabu watu ndani ya gari. Natamani sana tuwe nayo hapa. Lakini mwanangu ni wa chekechea, kichwa hakifiki kwenye kioo, na tukifika Mapinga ameshalala, kajikunja na begi lake. Kamera itamhesabu au nitaandikiwa faini?

FundiMitambo:
Dada, hapo umegusa penyewe. Kamera hizo humulika kwa infraredi, mwanga ambao jicho halioni, zikapiga picha mbele na ubavuni, kisha programu ikatafuta watu. Siti ya nyuma ndiyo inayozisumbua. Viti vya mbele vinaziba, na mtoto aliyelala anapotea kabisa. Barabara ya I-66 kule Virginia dereva anajitangaza mwenyewe: kuna kifaa cha kubandika kwenye kioo chenye swichi. Mkiwa watatu unaisogeza, mnapita bure, mkipungua unalipa. Polisi ndio wanaokamata waongo.

Mzawa_wa_Dunda:
Hapa kwetu watakodisha abiria! Jakarta, kule Indonesia, ilikuwa hivyo hivyo. Tangu 1992 barabara kubwa zilitaka watu watatu kwa gari saa za foleni, watu wakawa wanajipanga kando kukodishwa, wengine na vichanga. Serikali ikaifuta 2016.

FundiMitambo:
Kweli, ila malizia. Watafiti walipima baada ya kufutwa: jioni, muda wa kupita kilomita moja ulipanda kutoka dakika 2.8 hadi 5.3. Pamoja na udanganyifu wote ule, ilikuwa inasaidia.

MamaKaole:
Asante kaka, hizo dakika ndizo nilizotaka kusikia. Basi mimi nasema ije. Ila isiwe kama tochi za kupima mwendo, unaletewa deni tu kwenye simu. Kamera ichague gari la kutilia shaka, halafu askari aitazame picha kwa macho yake kabla ya kuandika faini. Akimkuta mwanangu kalala, aniache nipite, na picha ya mtoto ifutwe siku hiyo hiyo.