Mapango ya Kibudha yasiyotembelewa sana katika milima ya Sahyadri: je, pikipiki inafaa?

Mzururaji ameuliza:

Heshima kwenu wanajamvi.

Nina likizo ya siku 8 ambayo nimekusudia kuitumia katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Kwenye mapango maarufu ya Ajanta na Ellora nilishafika miaka kadhaa iliyopita kwa basi la watalii, na kwa kweli nilitazama migongo ya wenzangu zaidi ya michoro ya ukutani. Safari hii nataka kukodi pikipiki mjini Pune na kuyafuata yale mapango madogo ya Kibudha yaliyotapakaa katika milima ya Sahyadri, ambayo mengi yalichongwa kati ya karne ya 2 kabla ya Kristo na karne ya 3 baada yake, na ambayo mabasi ama hayayafikii ama hayajishughulishi nayo.

Nimezoea kuendesha pikipiki katika barabara za vumbi, lakini sijawahi kuendesha India. Ningependa kujua kwa walioshafika: nifikie mji gani, nichague pikipiki ya ukubwa gani, na je, Julai ni mwezi unaofaa, kwa kuwa picha nzuri nilizoziona za mapango ya Bhaja zote zina maporomoko ya maji pembeni? Jambo la mwisho, na naomba msinicheke, ni kwamba mimi si msomi wa historia ya kale. Nachelea kupanda ngazi mia tatu kisha nisimame mbele ya chumba kitupu cha mawe nisijue ninatazama nini.

Jiwe la Kale amejibu:

Ndugu Mzururaji, nianze na hofu yako ya mwisho, maana hiyo ikiondoka mengine ni mepesi. Ukiingia na maneno mawili tu kichwani, vyumba hivyo havitakuwa vitupu. Chaitya ni ukumbi wa ibada, mrefu, wenye dari iliyopinda kama mtumbwi uliopinduliwa, safu mbili za nguzo, na mwishoni stupa, yaani kichuguu cha jiwe la mviringo kinachosimama badala ya kaburi la masalia ya Budha. Vihara ni makazi ya watawa: ukumbi wa kati uliozungukwa na vijumba vya kulala, mara nyingi vikiwa na vitanda vya jiwe lile lile la mlima. Katika mapango ya awali usitafute sanamu ya Budha, kwa sababu enzi hizo stupa ndiyo iliyomwakilisha; sanamu utakazozikuta hapa na pale ziliongezwa karne kadhaa baadaye.

Kinachonirudisha huko mimi ni kwamba wachongaji hawa walikuwa wakiiga majengo ya mbao. Katika chaitya ya Bhaja nguzo zimeinama ndani kidogo, kama nguzo za mbao zinavyoegemezwa ili zihimili paa, ingawa mlima hauhitaji kuhimiliwa na mtu. Huko Karla, kwenye ukumbi mkubwa kuliko wote wa aina hiyo nchini India, wenye urefu wa karibu mita 45, mbavu za dari ni mbao halisi za msaji, nazo zimo humo kwa takriban miaka 2000 bila ya kubeba chochote.

Bhaja, Karla na Bedse zote unaweza kuzifikia ukiwa Lonavala, kilomita 65 hivi kutoka Pune. Jambo ambalo sijaona likisisitizwa vya kutosha ni mwanga: Bedse inatazama mashariki, hali Bhaja na Karla zinatazama magharibi. Kwa hiyo ondoka alfajiri, panda zile ngazi 400 hivi za Bedse kabla ya jua kuwa kali, na utapita kwenye upenyo mwembamba kati ya mapande mawili ya mwamba yaliyoachwa bila kuchongwa, kisha utokee ghafla mbele ya nguzo ambazo juu yake wamepiga magoti farasi, tembo na mafahali, wakiwa na wapandaji wao mgongoni. Vihara iliyo jirani ina ukuta wa nyuma wa mviringo na dari iliyopinda kama ya chaitya, umbo ambalo ni nadra kabisa kwa makazi ya watawa. Tenga saa nzima kwa ajili ya Bedse, kwa kuwa siku ya kazi unaweza kukaa humo peke yako.

Bhaja uifikie saa tisa alasiri. Wengi huishia kwenye chaitya na kushuka, lakini hatua chache upande wa kusini kuna stupa 14 zimesongamana kama kuku waliojikinga mvua, tano ndani ya mwamba na tisa nje, na baadhi yake zina majina ya watawa waliofariki yaliyochorwa kwa Brahmi, hati ya kale ya India. Karla usiende Jumamosi wala Jumapili, kwa sababu mlangoni pa pango kuna hekalu la mungu wa kike Ekvira, na umati wa mahujaji wake ni mkubwa.

Gurudumu la Mbele amejibu:

Mimi nitasema habari za barabara tu. Julai usiende. Ninajua kwamba maporomoko ya maji yanavutia, lakini masika ya huko huanza Juni na kuendelea hadi Septemba, na katika miezi hiyo ngazi za mawe huota ukungu wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, mawingu hushuka hadi barabarani, na udongo wa milimani hulegea. Tarehe 30 Julai 2014 kijiji cha Malin, kilichomo katika milima hiyo hiyo kusini mwa Junnar, kilifunikwa na maporomoko ya udongo na watu zaidi ya 150 wakafa. Sikuelezi haya ili kukutisha bali kwa kuwa umeuliza mwezi. Ukiweza kusogeza likizo hadi Desemba au Januari, utapata asubuhi za baridi na barabara kavu, na kama maji ndiyo unayoyataka, mwanzoni mwa Oktoba vijito vingi huwa havijakauka.

Kuhusu pikipiki, injini ya cc 150 hadi 200 inatosha kabisa. Watu hupenda zile nzito za cc 350 kwa sababu ya mlio na picha, lakini njia za mwisho kuelekea mapangoni ni nyembamba, zina kokoto, na mara nyingi utalazimika kugeuza mahali pasipo na nafasi ya kugeuzia. Kwenye miteremko mikali usitegemee breki peke yake. Weka gia ya pili uiache injini ikuzuie, hasa ukiwa nyuma ya lori kwenye kona. Barabara ya mwendokasi ya Mumbai–Pune hairuhusu pikipiki hata kidogo, na ramani ya simu ukiiacha katika mpangilio wa magari itakupeleka huko huko. Tumia barabara kuu ya zamani, ambayo hata kwa mandhari ndiyo bora.

Leseni ya kimataifa ya udereva iwe na daraja la pikipiki, si la gari pekee. Tena angalia bamba la namba. Pikipiki halali ya kukodisha huwa na bamba jeusi lenye maandishi ya njano, na bamba jeupe ni la chombo binafsi. Safari yangu ya kwanza mkodishaji mmoja alinipa pikipiki ya bamba jeupe kwa bei ya kuvutia, nami nikajiona mjanja mpaka askari waliponisimamisha darajani na nikakaa kando ya barabara kwa saa mbili nikieleza kwa nini jina lililo kwenye kadi si langu. Tairi la nyuma nalo lilikuwa limekwisha kabisa, lakini hilo sikuligundua hadi siku ya pili. Omba uoneshwe kadi, bima na cheti cha moshi kabla ya kutoa hata rupia moja.

Mzururaji amejibu:

Nashukuru sana. Nimekwisha kuandika barua ya kusogeza likizo hadi Desemba. Ndugu Jiwe la Kale, hayo mapango matatu yatanichukua siku mbili. Je, siku zilizosalia nielekee wapi?

Bi Nyayo amejibu:

Junnar, mwanangu, na usiwe na haraka. Mji huo uko kilomita 95 hivi kaskazini mwa Pune, nao umezungukwa na milima yenye mapango zaidi ya 200, idadi ambayo hakuna mji mwingine wa India unaoifikia. Ajabu ni kwamba watalii wengi hufika hapo kuitazama ngome ya Shivneri, alikozaliwa Shivaji, mfalme wa Wamaratha, mwaka 1630, wakashuka bila ya kujua kwamba majabali yaliyo chini ya ngome hiyo yamejaa vijumba vya watawa.

Anza na Tulja, kilomita chache magharibi mwa mji. Mapango yenyewe ni madogo, na ukiwa mbali utadhani umepotea njia, lakini la tatu lina chaitya ya duara: stupa katikati, nguzo 12 zisizo na pambo lolote zikiizunguka, na juu yake kuba. Mara ya kwanza niliweka kiganja changu kwenye nguzo mojawapo nikahisi makovu ya patasi, mistari mifupi iliyolala upande mmoja kama mvua ya upepo. Ukizunguka stupa, iwe mkono wako wa kulia, kama Wabudha wafanyavyo.

Kisha nenda Manmodi, kusini mwa mji, na hapo ndipo utakapoelewa kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa kuwa mapango kadhaa hayakumalizika. Walikuwa wakianzia juu, wakimaliza dari kwanza na kushuka kuelekea sakafuni, ili wasihitaji majukwaa ya kupandia. Utaona dari iliyolainishwa vizuri, na chini yake mwamba mbichi ambao haukupata mtu wa kuumaliza. Jiwe lenyewe ni basalti, lava iliyomwagika na kuganda tabaka juu ya tabaka miaka milioni 66 hivi iliyopita, na mafundi walijua kuchagua tabaka lililo gumu. Pale walipokosea kuchagua, nyuso za mapango zimeporomoka.

Kundi la mapango la Lenyadri lina ngazi nyingi, hekalu la Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, linalotumika hadi leo ndani ya iliyokuwa vihara, na tumbili wasio na haya; chakula usikiache kwenye begi la pikipiki. Viatu vivuliwe hekaluni. Kwenye majabali yote haya kuna nyuki wakubwa wanaoning'iniza masega yao nje, kwa hiyo usipige kelele, usivute sigara na usijipulizie manukato. Na jua likizama uwe umesharudi mjini, kwa kuwa chui wa Junnar wanaishi katika mashamba ya miwa yaliyo kando ya barabara na hutembea usiku.

Siku moja uitenge kwa Naneghat, upenyo wa kale wa milimani, ambako "nane" si hesabu yetu bali ni sarafu kwa Kimarathi. Hapo ndipo wafanyabiashara kutoka bandari za Kalyan na Sopara walipopandia kuja kwenye uwanda wa juu, na inasimuliwa kwamba ushuru wao waliutia kwenye mtungi mkubwa wa jiwe ambao bado upo. Pango la hapo lina maandishi ya enzi ya malkia Naganika wa ukoo wa Satavahana, yanayoorodhesha matambiko ya Kiveda, yaani ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, na zawadi zilizotolewa, na ndani yake mna tarakimu ambazo ni miongoni mwa za kale kabisa zilizohifadhiwa India. Si pango la Kibudha, lakini ndilo linaloeleza yale mengine. Watawa hawakukimbilia milimani ili wasionwe na watu. Walikaa kando ya njia za biashara, na maandishi ya Karla na Junnar yanawataja wafadhili wa kila aina, wakiwamo wageni walioitwa Yavana. Wewe na pikipiki yako mtakuwa mnapanda milima ile ile kwa sababu ile ile: hapo ndipo palipo na upenyo.

Fundi Mstaafu amejibu:

Nakubaliana na Bi Nyayo isipokuwa kwenye hesabu ya siku. Siku zote zilizosalia kuzimalizia Junnar ni nyingi kwa mtu asiye msomi. Mbili kati ya hizo azipeleke kwenye mapango ya Pitalkhora, ng'ambo ya Ellora, kilomita 80 hivi kutoka mji wa Chhatrapati Sambhajinagar, ambao wengi bado wanauita Aurangabad. Ni bonde lenye kimya ambalo unaliingia kwa kushuka badala ya kupanda, na ukutani kuna safu ya tembo wa jiwe wamesimama bega kwa bega. Mwamba wa pale ni dhaifu na mengi yamebomoka, kwa hiyo asitarajie ukamilifu wa Karla. Sanamu ya yaksha, yaani pepo wa imani za kale za India, mnene mwenye kicheko, iliyochimbuliwa hapo imechukuliwa hadi Makumbusho ya Taifa, New Delhi, nayo ina jina la aliyeichonga, Kanhadasa, mfua dhahabu. Fundi wa kale kuandika jina lake ni jambo adimu, na mimi kama fundi lilinigusa.

Bi Nyayo amejibu:

Ndugu yangu Fundi, kutoka Junnar hadi huko ni siku nzima ya barabara kuu yenye malori, na kurudi Pune ni siku nyingine. Mtu wa siku 8 atakuwa ameona lami kuliko mapango. Pitalkhora aiwekee safari yake.

Mzururaji amejibu:

Nimeamua kubaki Junnar, Fundi utanisamehe. Swali moja dogo: pale Naneghat, je, pikipiki niiache juu na kuteremka kwa miguu ile njia ya zamani hadi chini?

Bi Nyayo amejibu:

Iache juu, ifunge usukani, na teremka hadi pangoni tu, ambako ni mwendo wa dakika chache. Maandishi yako kwenye kuta za ndani, kushoto na kulia, na yamefifia; yatazame jua likiwa limeelemea upande, maana mchana wa saa sita herufi hazionekani.