Tupeane uzoefu: mwarobaini, nyungu na dawa za miti shamba mlizonyweshwa

Mpangani: Wakuu jana nimekuta jamaa wanapunguza matawi ya mwarobaini, ile harufu tu mdomo mzima ukawa mchungu. Nyumbani kwetu ukisema kichwa kinauma tu umekwisha, bibi anachemsha, asubuhi hujatia kitu tumboni unasimamishwa uani, kaka anakushika mikono na shangazi anakubana pua. Ukitapika unaongezewa. Malaria, minyoo, upele, kukojoa kitandani, vyote dawa moja. Nyie wenzangu mlinyweshwa nini?

binti_Lindi: Hahaha kubanwa pua!! Kumbe tulilelewa nyumba moja

Kasesela: Sisi mshubiri. Mama anaupaka kwenye chuchu ili mdogo wangu aache kunyonya, halafu unaobaki tunakunywa sisi wakubwa eti tusafishe tumbo. Mbio za chooni siku hiyo usiombe.

Shamsa wa Kisauni: Huku Mombasa mvuje. Mtoto akilia usiku anafungiwa kidogo kwenye kitambaa, shingoni au mkononi, nyumba nzima inanuka lakini hakuna anayethubutu kulalamika mbele ya nyanya. Na habasoda kwa mafua, hiyo natumia mpaka leo.

Mwanafalsafa_2: Huo mvuje wenyewe unatoka Iran na Afghanistan huko, na mwarobaini asili yake Bara Hindi. Mnaita dawa za mababu, mababu wa nani?

Mpangani: Mkuu hata mahindi na muhogo vimetoka Amerika, mbona ugali unakula?

Mwanafalsafa_2: Nimeongea ukweli mnapanic.

Mama Junior: Mmenikumbusha Loliondo jamani. 2011, mama yangu ana sukari ya muda mrefu, mguu una kidonda, Arusha nzima habari ni moja tu, kwamba kuna mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, wanamwita Babu, kule Samunge ameoteshwa na Mungu mti unaitwa mugariga, kikombe shilingi 500, unakunywa mara moja basi, UKIMWI sukari kansa pumu vyote. Ndugu wakachanga tukakodi Land Cruiser na familia nyingine, nauli zimepanda hazishikiki, tukapitia Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, vumbi mpaka kwenye meno, halafu tukakuta foleni. Sio foleni ya Ubungo hii, ni magari mpaka unapoishia kuona, hamna choo, maji ya chupa yanauzwa kama dhahabu, wagonjwa waliotolewa wodini na drip wamelazwa kwenye siti, na juu helikopta za wenye hela zinapita. Usiku wa pili gari la mbele yetu mzee mmoja akafariki. Watoto wake wakamfunika khanga, wakataka kugeuza warudi, wapi, mbele gari nyuma gari pembeni makorongo. Kwa hiyo marehemu akawa naye kwenye foleni, tunasogea anasogea, mpaka kesho yake mchana ndio wakapata pa kugeuzia. Mama yangu alikuwa anaangalia tu haongei. Tulipofika vikombe vinaletwa mpaka dirishani, vya plastiki, akanywa, akasema nimepona twendeni. Akaacha vidonge vya sukari. Haikuchukua muda akazimia, na ule mguu ukakatwa.

binti_Lindi: Dah. Pole sana dada

Kamanda_Usangi: Pole, lakini Babu usimsingizie, nani alimwambia aache vidonge?

Mama Junior: Hakuna aliyemwambia. Ila ukishaambiwa umepona unameza vya nini? Jibu wewe.

Kamanda_Usangi: Baba mdogo alikunywa kikombe na pumu haijarudi. Mawaziri wenyewe walikunywa na picha zipo. Mzee wa watu alifariki 2021 mwacheni apumzike

nesi_wa_zamu: Kamanda, wagonjwa wa ARV walioacha dawa mwaka ule tuliwapokea sisi wodini, wewe ulikuwa wapi? Na nyie wa mwarobaini, majani mtu mzima ni shauri lako, ila MAFUTA yake msimnyweshe mtoto mchanga. Malaysia miaka ya 80 watoto waliletwa hospitali wana degedege baada ya kupewa mafuta hayo, wengine walikufa.

Kasesela: Mbona mimi nilipewa na nipo

nesi_wa_zamu: Waliokufa hawawezi kuja kuandika hapa, kaka

Mwanafalsafa_2: Mnasahau dawa ya malaria ya hospitali nayo ni jani. Tu Youyou wa China aliitoa kwenye pakanga, kapewa Nobel 2015. Kwinini nayo ni gome la mti, Wajerumani waliupanda mpaka Amani kule Usambara. Tofauti ni kwamba wao walipima kipimo kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua, sisi kipimo ni "kikombe kimoja".

Mpangani: Leo umeongea

Wa_Nyeri: Hapa kwetu ni muiri. Wazee wakishindwa kukojoa vizuri wanachemshiwa magome. Shida watu wanabandua mti mzima kuzunguka, unakauka. Ukitoa, toa upande mmoja tu, uache upande wa pili.

Shamsa wa Kisauni: Nyungu je? Hamna aliyeungua wakati wa korona?

binti_Lindi: Mume wangu! Kajifunika blanketi na sufuria ya mchaichai, majani ya mpera na mkaratusi, akapiga chafya akaitia teke. Mapaja yote malengelenge. Korona hakuwa nayo.

Kasesela: Paka asali.

Kamanda_Usangi: Asali wapi, dawa ya moto ni utomvu wa mshubiri.

nesi_wa_zamu: Maji ya bomba dakika ishirini, halafu hospitali. Hiyo asali mnywe na chai.

Wa_Nyeri: Mama Junior, mama yako yuko aje saa hii?

Mama Junior: Yupo, anatembelea magongo. Vidonge anameza, ila asubuhi lazima kwanza anywe mlonge wake, ukimuuliza anakwambia wewe usinifundishe.