Begi la lita 65 linaniumiza mabega, mkanda wa kiunoni unashuka. Nifanyeje kabla ya safari ya Kitulo hadi Matema?

Nyasi_za_Loleza:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu. Nina begi la mgongoni la lita 65, nimelinunua mitumba pale Mwanjelwa, Mbeya. Ni zima kabisa, halina hata mshono uliofumuka. Jumamosi nilipanda nalo Loleza kujipima, likiwa na kilo 14 (nililipima kwenye mzani wa muuza viazi). Kufika katikati ya mlima mabega yanawaka moto, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa ganzi hadi chupa ya maji ikanidondoka. Mkanda wa kiunoni nikiubana unateleza mpaka makalioni, basi nikaufunga kwa nyuma usinisumbue. Mwezi wa saba tunatoka Kitulo kwa miguu kushuka hadi Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Mimi ni mfupi, nina kilo 58. Tatizo ni begi, ni mzigo, au sijazoea tu?

Kijana_wa_Iyunga:
Dada, pole. Peleka kwa fundi viatu akuongezee sponji kwenye mikanda ya mabega. Mimi nilifanya hivyo na maumivu yakapungua.

Mpagazi_Mstaafu:
Mwanangu, sponji isubiri kwanza. Nimebeba mizigo njia za Kitulo tangu haijawa hifadhi mwaka 2005, na ganzi hiyo naijua. Mkanda wa bega unakandamiza mishipa ya fahamu inayopita chini ya mtulinga kwenda mkononi. Ukiweka sponji, uzito unabaki palepale. Na usiseme utazoea, ganzi si kitu cha kuzoea.

Watazame mama zetu wanavyobeba ndoo. Ngata kichwani, shingo imenyooka, uzito unashuka kwenye mifupa hadi miguuni. Begi nalo linataka mfupa, na mfupa wake ni nyonga. Mkanda uliofunga kwa nyuma ndio uliotakiwa kubeba sehemu kubwa ya hizo kilo 14.

Kushuka makalioni kunaniambia begi ni refu kuliko mgongo wako. Chukua futikamba ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia. Inamisha kichwa, utahisi mfupa uliochomoza chini ya shingo: hapo ndipo mwanzo. Kisha shika kiuno, viganja vikikaa juu kabisa ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma. Mstari unaounganisha gumba na gumba ndio mwisho. Halafu pima begi, kuanzia mikanda ya mabega inapoota mgongoni hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Lete namba zote mbili.

Nyasi_za_Loleza:
Shikamoo mzee. Mdogo wangu amenipima: mgongo sentimita 42, begi 50!

Mpagazi_Mstaafu:
Marahaba. Sentimita 8 ni nyingi. Ila usiliuze bado. Geuza begi, tazama nyuma ya ule mto wa mgongoni. Mabegi mengi ya ukubwa huo yana mkanda mpana unaonata, ukiubandua unakwaruza kwa sauti. Ingiza mkono, bandua, shusha mikanda ya mabega, bandika upya.

Ukishaweza, legeza kila mkanda kabla ya kuvaa. Anza na kiunoni: katikati ya mkanda ikae juu ya mfupa wa nyonga, klipu ije mbele chini ya kitovu, bana. Ndipo uvute ya mabega hadi iguse bega lote bila kukamua. Kuna vikamba vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kichwani mwa begi. Vivute kidogo begi lisogee mgongoni. Cha kifuani mwisho, na kisikubane pumzi.

Upangaji: begi la kulalia likae chini, unga na maji katikati yakigusa mgongo, nguo nyepesi kwa nje. Ukiweka sufuria mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma na wewe unainama mbele siku nzima.

Uzito nao punguza. Wapagazi wengi tunakadiria moja ya tano ya uzito wa mwili, kwako kama kilo 12. Lakini usiguse nguo za baridi, mwezi wa saba Kitulo asubuhi kuna sakitu. Gawaneni vyombo na wenzako.

Nyasi_za_Loleza:
Mzee, umo! Ule mkanda unaonata upo, ulijificha ndani ya mto, tumeubandua watu wawili. Sasa begi ni sentimita 43. Nimezunguka nalo mtaani Soweto saa nzima na kilo 12, vidole vyote viko hai. Ninachohisi ni ngozi ya nyonga kuwasha kidogo upande wa kulia. Ndaga fijo (asante sana).

Mpagazi_Mstaafu:
Ndaga, mwanangu. Angalia upande huo, yawezekana pindo la suruali au mkanda wake wa ngozi uko chini ya begi. Vaa suruali ya lastiki. Na mkianza kuteremka kuelekea ziwani, kaza tena kiuno na vikamba vya juu kabla ya hatua ya kwanza, maana begi lililolegea kwenye mteremko linakusukuma.