Mjadala: Picha za mabibi wanaokufa zishushwe ukutani?

Wadau, Januari 2018 jumba la sanaa la Manchester, Uingereza, lilishusha picha ya mchoraji Mwingereza John William Waterhouse, Hylas and the Nymphs, ya mwaka 1896, inayoonyesha mabinti wa majini wa hekaya za Kigiriki wakimvuta kijana Hylas ziwani. Pale ukutani pakaachwa wazi, watazamaji wabandike vikaratasi vya maoni. Hoja ilikuwa kwamba picha za namna hii zinamfanya mwanamke ama pambo, ama kiumbe wa kumwangamiza mwanamume. Wengi walikasirika, na baada ya wiki moja hivi picha ikarudi.

Mimi nasema isingeshushwa. Ila wanaozitetea picha hizi kwa kusema "ndivyo hekaya zilivyo" nao sikubaliani nao.

Chukueni The Lady of Shalott (Bibi wa Shalott) ya Waterhouse huyohuyo, 1888, iliyoko jumba la sanaa la Tate Britain, London. Imetoka kwenye shairi la Mwingereza Tennyson lenye asili katika hekaya za Mfalme Arthur. Bibi amefungwa mnarani kwa laana, anafuma huku akiiona dunia kupitia kioo tu. Siku Lancelot, shujaa wa Mfalme Arthur, anapopita, anaacha kitanda cha mfumi, anachungulia dirishani, kioo kinapasuka. Waterhouse alichagua mwisho wake: bibi yumo mashuani, mishumaa miwili kati ya mitatu imezimika, anakwenda kufa. Ni picha nzuri mno, sikatai.

Lakini miaka 35 kabla, mwaka 1853, Elizabeth Siddal alilichora shairi hilohilo. Ndiye yule binti wa duka la kofia aliyelazwa kwenye beseni la kuogea hadi akaugua, mchoraji Millais apate kumchora kama Ophelia, binti anayekufa maji katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet. Katika mchoro wa Siddal bibi hafi. Yuko kazini, nyuzi zinafyatuka, kioo kinapasuka, naye kageuza uso dirishani, katulia kabisa. Kaamua mwenyewe kutazama! Mwaka 1855 mhakiki wa sanaa John Ruskin alikubali kumlipa Siddal pauni 150 kwa mwaka ili apewe kazi zake. Hata hivyo hadi leo wengi wanaijua sura ya Siddal, si mkono wake.

Basi hekaya haikumlazimisha mtu kuchora maiti. Pendekezo langu: Waterhouse abaki, na pembeni yake itundikwe nakala ya mchoro wa Siddal, kwa ukubwa wa kuonekana.

Anayetaka zishushwe atuambie: pale patakapobaki wazi ataweka nini? Na anayetaka ziachwe zilivyo, Siddal akae wapi?