Je, sare na nembo hujenga umoja wa kikundi?

Katibu, Kirumba
Ndugu zangu, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Hisa tunaweka na mikopo inarejeshwa, lakini wengi wakishaweka hisa huondoka, na mwenzetu akifiwa hatuonekani msibani kama kikundi. Viongozi wanapendekeza tununue sare ya kitenge, tuchore nembo na tutunge wimbo. Je, vitu hivyo huleta umoja, au huja baada ya umoja kuwapo?

Mwenyeji wa Kisesa
Dada katibu, nadhani huja baadaye. Vitazame vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ushindani wa mamanju (viongozi wa ngoma) wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hadi leo, baada ya mavuno, pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watazamaji wengi zaidi. Mchezaji anayejua kwamba kulegea kwake kutawaaibisha wenzake wote hahitaji kuhimizwa kwa barua. Jembe linalorushwa katika bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, limetoka katika kilimo cha pamoja, ndiyo maana hakuna anayeuliza linafanya nini uwanjani. Nembo ya kuchorwa na fundi, ambayo haijapita katika kazi yenu, itabaki kuwa picha tu.

Mlezi wa skauti, Nyamagana
Ninakubaliana naye kwa sehemu, kwa sababu alama inaweza kuwekwa mapema ikiwa ina masharti. Kwetu sisi skafu haigawiwi mlangoni: kijana huvishwa mbele ya wenzake siku anapotoa ahadi. Msigawe kitenge kwa kila aliyelipia. Mvisheni mwanachama aliyekwisha kushika zamu ya kuwahudumia wafiwa.

Mama wa Igoma
Alama mnayo tayari, mwanangu. Ikiwa kisanduku chenu cha fedha kina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, kifungueni mbele ya wote, kila mwenye ufunguo akitajwa kwa jina, na asiwepo anayeondoka kabla hakijafungwa.

Katibu, Kirumba
Ahsanteni sana. Kisanduku chetu ni cha kufuli tatu, mama, ila tumezoea kukifungua pembeni. Kikao kijacho nitapendekeza kiwekwe katikati, na zamu za msibani zipangwe kwanza. Suala la kitenge tutalijadili wakati wa mgao wa mwaka.