Jibu: Falafeli zinazosambaratika kwenye mafuta

Ndugu wanajumuiya,

Dada aliyetuandikia juzi ameeleza kwamba alitaka kupika falafeli, yale madonge ya dengu yanayokaangwa, akafungua kopo la dengu, akazisaga pamoja na vitunguu na viungo, akafinyanga madonge mazuri, na mara tu yalipoingia kwenye mafuta ya moto yakasambaratika hata sufuria ikajaa makombo. Aliongeza unga, kisha yai, kisha unga tena, akaishia na kitu kigumu nje na kinachonata ndani. Naomba nimjibu kwa kirefu, kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe kwa miezi kadhaa nilipoanza kujipikia ugenini, na kila nilipoongeza unga ndipo nilipozidi kuharibu.

Dengu za falafeli hazichemshwi kabla ya kusagwa, hulowekwa tu. Punje ikichemshwa, wanga wake huvimba kwa maji na nguvu yake ya kushikanisha huisha kabla donge halijafika jikoni. Punje iliyolowekwa bado ni mbichi, na wanga wake huvimba na kushikana palepale donge linapokaangwa, kwa hiyo donge hujishika lenyewe bila yai, na ndani hubaki na chengachenga laini. Dengu za kopo zimekwisha kupikwa kiwandani, na hakuna kiungo kitakachozirudisha ubichi wake.

Kwa kuwa neno dengu wengine hulitumia kwa choroko na wengine kwa adesi, nafafanua kwamba nakusudia zile punje kubwa za rangi ya malai, zenye kichongo kidogo kama mdomo wa ndege. Pima gramu 250 zikiwa kavu, zichague, zioshe, kisha zitie katika bakuli kubwa na maji yazifunike kwa vidole vinne au zaidi, maana uzito wake utakaribia kuwa maradufu. Saa 12 ndicho kiwango cha chini, nami hupendelea saa 18 hadi 24. Chumba kikiwa na joto, weka bakuli ndani ya jokofu, kwa sababu maji yakianza kutoa povu na harufu ya uchachu, ladha nayo huharibika. Kata punje moja kwa kisu: ikiwa katikati bado ni kavu na nyeupe kama chaki, subiri. Zikiwa tayari zichuje, kisha zikaushe kwa kitambaa safi, hatua ambayo wengi huiruka na baadaye wakadhani wamekosea viungo.

Viungo ninavyotia ni kitunguu maji kimoja kidogo, punje tatu au nne za kitunguu saumu, fungu la kotimiri na jingine la pasli (vyote vikiwa vikavu baada ya kuoshwa), kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kingine cha mbegu za giligilani zilizosagwa, kingine cha chumvi, na pilipili manga kwa kadiri upendavyo. Hapa kila mtu ana mkono wake. Katika usagaji, hata hivyo, sina budi kuwa mkali: blenda yenye jagi refu haifai, kwa kuwa hudai maji ili visu vizunguke, na maji ndiyo adui. Tumia mashine ya kukatakata chakula, au mashine ya mkono ya kusagia nyama, ukipitisha mara mbili. Lengo ni chembe ndogo kuliko punje ya mchele, ambazo ukizibana kiganjani zinashikana na ukizisukuma kwa kidole zinaachana. Zikiwa kubwa mno donge litavunjika, na zikiwa laini kama uji donge litakuwa zito.

Funika mchanganyiko na uupumzishe jokofuni kwa saa moja. Nusu kijiko cha chai cha bekingi soda itiwe dakika chache tu kabla ya kukaanga, kwani ikikaa muda mrefu nguvu yake hupungua. Mafuta yafike nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi na yasizidi nusu ya sufuria. Kaanga donge moja la majaribio kwanza. Likivunjika, saga tena kidogo, au ongeza kijiko kimoja cha unga wa dengu, na huo ndio unga pekee ninaoukubali. Kisha kaanga matano au sita kwa mkupuo, dakika nne hadi tano, kwa sababu ukiyajaza mengi mafuta hupoa na madonge huyanyonya. Ikitokea mafuta yameshika moto, zima jiko na ufunike sufuria kwa mfuniko. Usimwagie maji wala usijaribu kuibeba.

*

Ndugu wanajumuiya,

Nashukuru kwa majibu. Kaka mmoja ameuliza kama anaweza kutumia maharagwe mekundu aliyo nayo kabatini. Nakuomba usifanye hivyo, kaka yangu. Maharagwe hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoondolewa kwa kuchemshwa barabara, na dakika chache ndani ya mafuta hazitoshi. Wamisri hutengeneza falafeli zao, wanazoziita taamiya, kwa ful, yaani yale maharagwe mapana, wakitumia yaliyokaushwa na kumenywa ganda, nayo pia hulowekwa bila kuchemshwa. Ladha yake naipenda mno, ila mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asiyaguse kabisa, kwa kuwa yanaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake.

Kuhusu kuhifadhi, gandisha madonge yakiwa mabichi juu ya sinia yasigusane, kisha yahamishie kwenye mfuko. Hukaangwa bila kuyeyushwa, kwa moto wa chini kidogo na muda mrefu zaidi. Tanuri pia inawezekana kwa anayeepuka mafuta mengi: yapake mafuta vizuri, uyaoke kwa nyuzi 200 kwa muda wa dakika 25 hivi, ukiyageuza katikati, ingawa yatakuwa makavu kuliko ya kukaanga.

Dada, ukizijaribu tafadhali tuandikie ulizilowesha kwa saa ngapi na donge la kwanza lilikuwaje, ili tujue pa kurekebisha.